Damu, Chumvi na Njia ya Thika

Katika miji ya Thika na Ruiru, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya, ugonjwa wa shinikizo la damu huitwa presha, na mtu akisema kwamba ana presha hahitaji kueleza zaidi. Neno hilo limezoeleka kiasi cha kumfanya msikilizaji adhani kuwa ugonjwa wenyewe ni wa kale kama uzee, na kwamba mababu waliolima kwenye miteremko ya mto Chania, au waliochunga kwenye uwanda wa Juja, walikuwa nao pia isipokuwa hawakuwa na jina la kuuita. Ushahidi uliopo hauungi mkono dhana hiyo. Kupanda kwa shinikizo la damu kadiri umri unavyosogea ni jambo ambalo, kwa jamii nyingi za nchi hii, limeingia ndani ya karne moja tu, likifuata reli, mshahara, duka na chumvi, na Kenya ni mojawapo ya nchi chache duniani ambamo watafiti waliwahi kulishuhudia likiingia.

Ujuzi wa namna damu inavyokwenda mwilini ulikuwepo katika eneo hili kabla ya hospitali. Uwanda unaoshuka kutoka Ruiru kuelekea mashariki hadi mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, ulikuwa malisho ya Wamaasai, ukipakana na mashamba ya Wakikuyu upande wa miinuko na nchi ya Wakamba upande wa pili. Mfugaji wa Kimaasai aliyehitaji damu ya kunywa hakumchinja mnyama wake. Alimfunga ng'ombe ukanda shingoni, akaukaza mpaka mshipa mkubwa wa shingo ukatuna, kisha akaufuma kwa mshale uliowekewa kizuizi karibu na ncha ili usizame kupita kiasi. Damu ilikingwa kwenye kibuyu, ukanda ukafunguliwa, na baada ya muda mfupi jeraha likaziba na ng'ombe akarudi malishoni. Katika tendo hilo mna elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mshipa hutuna upande wa kichwani, wala si upande wa kifuani, jambo linaloonyesha kuwa damu iliyomo ndani yake inatoka kichwani ikirudi moyoni. Ukanda uliokazwa kiasi hubana mshipa huo ulio karibu na ngozi, lakini haubani mishipa iliyo ndani zaidi inayopeleka damu kichwani. Kwa hiyo damu huendelea kupanda huku ikizuiwa kushuka. Ukanda unapofunguliwa, damu hupata njia yake ya kawaida, nguvu ya kusukuma kwenye jeraha hupungua, na tone la mwisho huganda.

Hoja hiyohiyo ya ukanda ndiyo iliyotumiwa na William Harvey, daktari Mwingereza, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628, alipofunga mikono ya watu na kuonyesha jinsi mishipa ya juu ya ngozi inavyovimba chini ya kifundo na kubaki mitupu juu yake. Kabla yake, madaktari wa Ulaya walifuata mafundisho ya Galen, aliyeishi katika karne ya 2, ambaye alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini na kutumiwa na viungo mpaka ikaisha, kama maji yanavyoishia shambani. Ibn al-Nafis, mwanachuoni mzaliwa wa Shamu aliyefanya kazi Misri, alikuwa ameandika katika karne ya 13 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo na kufika upande wa kushoto kwa kupitia mapafu, lakini maandishi yake hayakujulikana sana nje ya ulimwengu wa Kiarabu. Harvey aliongeza hesabu. Alikadiria kiasi ambacho moyo husukuma kwa kila pigo, akakizidisha kwa idadi ya mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini. Ilimlazimu akubali kwamba damu haitengenezwi upya kila wakati bali ni ileile inayozunguka. Kiungo kilichokosekana katika maelezo yake, yaani mishipa myembamba isiyoonekana kwa macho inayounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi, kilionwa na Marcello Malpighi kwa hadubini mwaka 1661, katika mapafu ya chura.

Kwa maelezo ya sasa, moyo ni msuli wenye vyumba 4, na ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe. Upande wa kulia hupokea damu iliyopungukiwa oksijeni kutoka viungoni na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, kazi inayodai nguvu kubwa zaidi, ndiyo maana ukuta wa upande huo ni mnene. Kwenye milango ya kuingilia na kutokea mna valvu, yaani vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, na kufungwa kwake ndiko kunakotoa zile sauti mbili za mapigo anazozisikiliza daktari. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Kila pigo husukuma karibu mililita 70, na kwa mapigo 70 kwa dakika kiasi kinachosukumwa hukaribia lita hizo 5, kwa hiyo mtu aliyetulia huzungusha damu yake yote kwa muda wa dakika moja hivi. Kiswahili cha kila siku hutumia neno mshipa kwa mambo mengi, kuanzia njia za damu hadi neva na hata ngiri, na ni lazima kutofautisha: ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni, vena ni inayoirudisha, na kapilari ni ile myembamba iliyo kati yake, ambamo chakula na oksijeni hutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama ya mwili.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za ateri. Hutegemea mambo mawili: kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na ukinzani wa njia, ambao hutoka hasa kwenye ateri ndogo zenye misuli inayoweza kujibana na kujilegeza. Mtu wa kwanza kupima nguvu hiyo alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales, ambaye mwaka 1733 alichapisha taarifa ya jinsi alivyounganisha bomba la kioo na ateri ya farasi jike na kuona damu ikipanda zaidi ya futi 8. Kwa binadamu mwenye afya, kipimo cha juu cha milimita 120 za zebaki ni sawa na nguzo ya maji ya urefu wa mita 1.6 hivi, ambao ni karibu kimo cha mtu. Wakazi wa Thika na Ruiru wana mifano ya karibu ya nguvu ya namna hiyo. Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908, imesimama kati ya maporomoko ya mto Chania na yale ya mto Thika, na maji ya mto Ruiru yalitumiwa mapema katika karne ya 20 kuzalisha umeme wa Nairobi. Mto hupata msukumo wake kwa kuanguka kutoka juu; damu haina mahali pa kuangukia inapopanda kwenda kichwani, hivyo huupata msukumo wake kwa moyo.

Miji hiyo miwili ilizaliwa na mashamba makubwa ya walowezi. Tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika mwaka 1913, likaendelezwa baadaye hadi Nanyuki, na kando yake kahawa na katani zilichukua nafasi ya malisho na viunga vya mtama, wimbi na viazi vitamu. Kodi ya nyumba iliwalazimu wanaume kutafuta fedha, kipande, yaani cheti cha kazi walichokibeba shingoni, kikawafunga kwa mwajiri, na wengi walifika kutoka mbali, wakiwemo Wajaluo na Waluhya kutoka magharibi ya nchi. Malipo yao yalikuwa sehemu fedha na sehemu posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi, na mlo wa kila siku ukageuka kuwa ugali na maharagwe, siku baada ya siku. Baadaye Thika ikawa mji wa viwanda, vya nguo, ngozi, mikate na mananasi ya makopo, mpaka ikafananishwa na Birmingham ya Uingereza. Ruiru, yenye kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina lake limebaki katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilibaki ndogo kwa muda mrefu zaidi.

Madaktari wa serikali ya kikoloni walipoitazama damu ya Waafrika katika miaka ya 1920, hofu yao haikuwa shinikizo bali upungufu. John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1949, alishirikiana na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, kulinganisha Wamaasai waliokula maziwa, nyama na damu na Wakikuyu waliokula nafaka, mizizi na kunde. Taarifa yao ya mwaka 1931 ilieleza kwamba wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wazito zaidi kwa wastani, na kwamba upungufu wa damu, kuoza kwa meno na vidonda vilionekana zaidi kwa Wakikuyu. Upungufu wa damu una maana ya kuwa na chembe nyekundu chache au zenye uhaba wa hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni. Malaria huziharibu chembe hizo, na minyoo ya safura hunyonya damu kwenye ukuta wa utumbo. Kasoro ya taarifa hiyo ni kwamba ilitazama mlo kama mila ya kabila, ikasahau kwamba Wakikuyu wengi wa wakati huo walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi na malisho. Mbuzi na ng'ombe waliopungua hawakupungua kwa sababu ya desturi.

Swali la shinikizo liliibuka kwingine, katika hospitali ya magharibi ya nchi. Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala fupi ya C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, ambaye alikuwa amewapima Waafrika 1,000 wasio na ugonjwa. Aligundua kwamba hadi umri wa miaka 40 vipimo vyao vilifanana na vya Wazungu, lakini kuanzia hapo, wakati shinikizo la Wazungu lilipoendelea kupanda, la Waafrika lilielekea kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka 2 hakukuta hata mmoja mwenye maradhi ya shinikizo la juu. Ni matokeo yanayostahili kusomwa kwa uangalifu. Wakati huo watu wachache vijijini walijua mwaka waliozaliwa, umri ulikadiriwa kwa rika la tohara au kwa tukio kubwa kama njaa, na daktari mgeni angeweza kukosea kwa miaka mingi. Tena Donnison alijenga juu ya vipimo hivyo nadharia pana, katika kitabu cha mwaka 1937, kwamba ustaarabu wenyewe ndio unaoleta magonjwa ya namna hiyo, nadharia iliyoweza kumpendeza mtawala aliyetaka kuamini kwamba Mwafrika ana utulivu wa mtoto. Hata hivyo vipimo vyenyewe vilithibitika. Tafiti zilizofuata kati ya wafugaji na wakulima wa Afrika Mashariki waliokuwa mbali na miji zilikuta hali ileile, na kipimo kikisharudiwa na watu wengi hakiwezi kutupwa kwa sababu aliyekichukua kwanza alikitafsiri vibaya.

Ili kuelewa kilichobadilika, ni lazima kuitazama figo. Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu na kurudisha karibu yote, zikiacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo, na chumvi ndiyo inayotawala kiasi cha maji yanayobaki. Mwili unapopata chumvi kidogo, kama ulivyozoea kwa karne nyingi, figo huishika kila chembe: humimina kwenye damu kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho huanzisha mfululizo wa matukio unaobana ateri ndogo na kuzuia chumvi isipotee. Chumvi ikizidi, figo hulazimika kuitoa, na njia mojawapo ya kuitoa ni kuongeza shinikizo linalosukuma damu kwenye vichujio vyake. Maji hubaki mwilini, kiasi cha damu huongezeka, na baada ya miaka kuta za ateri ndogo huwa nene na ngumu, zisirudi tena kulegea. Kwa hiyo mwili wa mkulima wa Kikuyu wa zamani, ambaye chumvi yake ilikuwa ya udongo wa chumvichumvi na majivu ya mimea, na ambaye viazi vitamu na ndizi vilimpa potasiamu nyingi inayosaidia kuitoa chumvi, ulikuwa umeandaliwa kuhifadhi. Duka la Mhindi kando ya reli lilimletea kwa senti chache kile ambacho mwili wake haukujua kukikataa.

Kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya kabila wala ya uzee kulidhihirika kwa njia mbili. Katika miaka ya 1960 Gerald Shaper, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake waliwafuatilia morani wa Kisamburu walioandikishwa jeshini nchini Kenya. Nyumbani kwao, ambako chakula kikuu kilikuwa maziwa, shinikizo lao lilikuwa la chini wala halikupanda na umri, lakini baada ya kukaa kambini na kula chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi lilianza kupanda. Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuja mwaka 1990, pale Neil Poulter na wenzake, akiwemo Mugambi wa Nairobi, walipochapisha matokeo ya utafiti wa wahamaji wa Kijaluo. Watafiti hao hawakungoja watu wazoee mji. Waliwapima mara tu walipohamia Nairobi, wakaendelea kuwafuatilia, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Tofauti ilionekana ndani ya mwezi wa kwanza. Shinikizo la waliohama lilikuwa limepanda, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wa waliobaki, dalili ya mlo uliobadilika kutoka mboga na nafaka za shambani kwenda unga na vyakula vya dukani. Mapigo yao ya moyo pia yalikuwa ya kasi zaidi, jambo lililowafanya watafiti wafikirie mchango wa mfumo wa neva, yaani mahangaiko ya maisha mapya. Mwezi mmoja ni muda mfupi mno kwa ateri kuzeeka.

Utafiti huo ulifanyika Nairobi, lakini njia iliyoelezwa nayo ni ileile iliyowajaza watu Thika na Ruiru, kwa kuwa mtu aliyeacha kijiji kwenda kukata katani, kufungasha mananasi au kupanga chumba karibu na barabara amebadili chungu chake kwa namna hiyohiyo. Kasi ya kuhama imeongezeka. Mwaka 2009 Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu 238,858. Barabara kuu ya Thika ikapanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, kahawa ikang'olewa kupisha majumba ya kupangisha, na sensa ya mwaka 2019 ikaukuta mji huo ukiwa na watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, huku Thika ikiwa na 251,407. Mpangaji wa Ruiru anayeondoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku hana shamba la kumpa viazi wala muda wa kupika githeri kwa saa tatu. Hununua mkate, chipsi, soseji na sukumawiki iliyokaangwa kwa mchuzi wa pakiti, na chumvi nyingi anayokula imewekwa kiwandani au kibandani kabla hajaishika mwenyewe. Si haki kumlaumu kwa hilo. Anayetaka kueleza presha ya mtu huyo aanze na kodi ya nyumba anayolipa sasa na ile iliyotozwa miaka 100 iliyopita.

Ubaya wa shinikizo la juu ni kwamba halina maumivu. Moyo unaosukuma dhidi ya ukinzani mkubwa hunenepa ukuta wake wa kushoto na baadaye kuchoka. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, mtu hupata kiharusi. Vichujio vya figo huharibika polepole mpaka mgonjwa ahitaji mashine ya kusafisha damu. Yote hayo huweza kuendelea kwa miaka bila dalili, na njia pekee ya kuyajua mapema ni kupima. Kifaa cha kupimia kilibuniwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, naye Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza mwaka 1905 namna ya kusikiliza. Ukanda hufungwa kwenye mkono wa juu na kujazwa hewa mpaka ateri ibanwe kabisa na mapigo yasisikike, kisha hewa hupunguzwa taratibu. Damu inapoanza kupenya hugonga, na pigo la kwanza kusikika ndiyo namba ya juu, yaani nguvu ya moyo unaposukuma. Sauti zinapotoweka ndiyo namba ya chini, nguvu inayobaki kwenye ateri moyo unapopumzika. Ni ukanda uleule wa Harvey, na wa mfugaji wa uwanda wa Juja, ila safari hii hukazwa mpaka uzuie hata damu inayokwenda. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu, na kwamba asilimia 56 ya watu wazima hao walikuwa hawajawahi kufungwa ukanda huo hata mara moja.